Jiko la Induksheni: Mambo ya Kulinganisha Kabla ya Kununua

Majiko ya induksheni yanauzwa sasa katika maduka ya vyombo vya umeme na supamaketi za Thika na Ruiru, karibu na majiko ya gesi na yale ya koili. Kwa macho yote yanafanana: kioo cheusi, vitufe vichache na waya wa plagi. Bei hutofautiana sana, na muuzaji husifu kila moja kwamba halili stima. Mkaazi anayenunua kwa kutazama bei na sura peke yake huweza kufika nyumbani akakuta jiko halitambui sufuria zake, au fyuzi ya plagi inaungua, au tokeni zinaisha kabla ya tarehe aliyozoea.

Somo hili linaeleza jinsi jiko hili linavyofanya kazi, mambo ya kulinganisha dukani, na hesabu ambayo kila nyumba inaweza kujifanyia ili kujua kama jiko litaipunguzia gharama au litaiongezea. Jibu si moja kwa watu wote. Majirani wawili katika ploti moja wanaweza kununua jiko lile lile, mmoja akapata nafuu na mwingine akapata hasara.

1. Jinsi jiko linavyofanya kazi

Chini ya kioo cha jiko la induksheni kuna koili ya waya wa shaba. Umeme unaofika nyumbani hubadilisha mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Mitambo ya ndani ya jiko huongeza kasi hiyo hadi makumi ya maelfu kwa sekunde na kuupitisha umeme huo katika koili. Hapo hutokea nguvu ya sumaku inayobadilika upesi sana. Sufuria ya chuma ikiwekwa juu, nguvu hiyo huzalisha umeme mdogo mdogo ndani ya kitako cha sufuria, na kitako chenyewe hupata moto. Kioo hupata joto kutoka kwa sufuria tu, ndiyo maana hubaki na moto kwa muda baada ya jiko kuzimwa.

Hii ndiyo tofauti yake na majiko mengine. Jiko la koili hupasha koili kwanza, kisha koili hupasha sufuria. Jiko la gesi hutoa mwali ambao sehemu kubwa ya joto lake hupanda pembeni mwa sufuria na kupotelea hewani. Kwa makadirio ya kawaida, takriban asilimia 85 ya kawi inayoingia katika jiko la induksheni hufika kwenye chakula. Jiko la koili hufikisha takriban asilimia 70 hadi 75, na la gesi asilimia 50 au chini ya hapo, kutegemea hali ya jiko na ukubwa wa sufuria.

2. Sufuria kwanza, jiko baadaye

Sufuria nyingi katika nyumba za Kiambu ni za alumini. Alumini haivutwi na sumaku, na jiko la kawaida la induksheni halitaipasha. Litatoa mlio, litaonyesha alama ya hitilafu, kisha litajizima. Jiko si bovu. Sufuria ndiyo isiyofaa.

Kipimo chake ni rahisi. Sumaku ndogo, hata ile ya spika ya redio iliyoharibika, iwekwe kwenye kitako cha sufuria kwa nje. Ikinata kwa nguvu, sufuria inafaa. Ikinata kwa ulegevu, sufuria itapata moto polepole. Isiponata kabisa, haitafanya kazi. Vikaango vizito vya chuma cha kusubu na sufuria za chuma zilizopakwa enameli kwa kawaida hufaa. Vyombo vya chuma kisichoshika kutu hutofautiana: vingine vina kitako chenye sumaku na vingine havina, hata kama vinang'aa sawasawa. Kwa hivyo kila kimoja kipimwe peke yake.

Kitako pia sharti kiwe bapa. Sufuria iliyopondeka ikacheza juu ya kioo hupata moto upande mmoja. Na isiwe ndogo mno: majiko mengi hayatambui chombo ambacho kitako chake kina upana wa chini ya sentimita 12 hivi, na kijisufuria cha chai ya mtu mmoja huweza kukataliwa.

Jambo hili lina uzito katika bajeti. Familia ambayo sufuria zake zote ni za alumini hailinganishi bei ya jiko na jiko. Inalinganisha jiko pamoja na sufuria mbili au tatu mpya na kikaango. Jiko la bei ya chini linalouzwa pamoja na sufuria yake linaweza kuwa nafuu kuliko jiko la bei hiyo hiyo linalouzwa peke yake. Zipo pia sahani za chuma za kuweka chini ya sufuria ya alumini, lakini zikitumika, joto hupita kwanza kwenye sahani, na faida kubwa ya induksheni hupungua.

3. Wati, plagi na nyaya za nyumba

Majiko ya kubebeka ya sehemu moja ya kupikia huwa na nguvu ya kati ya wati 1,200 na 2,000 hivi. Yale ya sehemu mbili huandikwa wati 3,000 au zaidi, na ya kujengewa kwenye kaunta yenye sehemu nne huweza kupita wati 7,000.

Wengi huogopa wati nyingi wakidhani ni bili kubwa. Mfano wa maji unaonyesha sivyo. Thika iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko yakiwa na joto la karibu nyuzi 95, si 100. Kuchemsha lita 2 za maji kutoka nyuzi 20 kwa jiko la induksheni huhitaji takriban yuniti 0.2 za umeme. Jiko la wati 2,000 litafanya kazi hiyo kwa dakika 6 hivi. La wati 1,200 litachukua dakika 10. Yuniti zinazotumika ni karibu zile zile. Wati huamua kasi. Kinachoamua bili ni wingi wa chakula na muda kinaokaa motoni.

Hata hivyo, wati zina uzito kwa upande wa usalama. Plagi ya miguu mitatu inayotumika Kenya ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Hesabu ya ampea ni wati kugawanya kwa volti, na volti zetu ni 240:

- Wati 2,000 ÷ 240 = ampea 8.3. Soketi nzima ya ukutani inatosha.
- Wati 3,500 ÷ 240 = ampea 14.6. Plagi ya kawaida haitoshi. Jiko la namna hii linahitaji waya wake wa jiko kutoka kwenye kisanduku cha umeme, au liwe la aina inayojipunguza yenyewe pande zote mbili zikiwaka.

Jiko lisiunganishwe kupitia ekstensheni nyembamba inayobeba pia friji na televisheni. Plagi au soketi inayopata moto, kubadilika rangi au kutoa harufu ya plastiki ni onyo la kuzima mara moja. Katika nyumba za kupanga za zamani, mpangaji azungumze na mwenye nyumba au keateka kabla ya kununua jiko kubwa, na kazi ya nyaya ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli.

4. Mambo matano ya kupima dukani

Mnunuzi ana haki ya kuomba jiko liwashwe. Afike na sufuria yake mwenyewe na maji, kisha aangalie haya:

*Moto mdogo.* Majiko mengi ya bei ya chini hayawezi kutoa moto mdogo unaoendelea. Yakiwekwa chini kabisa, huwaka kwa nguvu sekunde chache, yakazima, yakawaka tena. Maji yatachemka kwa vipindi: yanafoka, yanatulia, yanafoka. Kwa maharagwe si tatizo, lakini kwa uji, maziwa na wali ndiyo chanzo cha kuungua chini. Jiko bora huyafanya maji yatoe viputo vidogo bila kukatizwa.

*Upana wa koili.* Kioo kinaweza kuwa kikubwa huku koili ya ndani ni ndogo. Maji kidogo yamwagwe kwenye kikaango kipana na kuangaliwa yanaanzia wapi kuchemka. Viputo vikitokea katikati tu, kama duara la kikombe, chapati zitaiva kati na kubaki nyeupe pembeni.

*Vitufe.* Vitufe vya kugusa kwenye kioo ni rahisi kufutwa, lakini vingine havisikii kidole chenye maji au unga. Kitufe cha kuzungusha huonyesha kiwango kwa haraka na humfaa zaidi mtu asiyeona vizuri. Kufuli ya watoto na saa ya kuzima jiko lenyewe ni vya manufaa katika nyumba yenye watoto.

*Feni na nafasi.* Kila jiko la induksheni lina feni ya kupoza mitambo. Feni ikizibwa na kitambaa, gazeti au ukuta, jiko hujizima na maisha yake hupungua. Pawe na nafasi ya sentimita 10 hivi nyuma na pembeni. Feni huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kupika. Jiko lisichomolewe mpaka isimame.

*Alama na waranti.* Bidhaa ya kutoka nje inapaswa kuwa na stika ya KEBS, ambayo nambari yake inaweza kuthibitishwa kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 20023. Risiti yenye jina la duka, tarehe na aina ya jiko itunzwe. Mnunuzi aulize waranti ni ya muda gani, kama inahusu kioo, na kama kuna mahali pa kutengenezea jiko hilo. Kioo kikipata ufa, jiko lisitumike tena mpaka kibadilishwe, kwa sababu maji yanaweza kupenya hadi kwenye umeme.

5. Hesabu ya gesi na stima

Hapa ndipo penye uamuzi. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina kawi ya takriban yuniti 12.8 za umeme. Mtungi wa kilo 6 basi una yuniti 77 hivi. Kwa kuwa karibu nusu hupotea, zinazofika kwenye chakula ni yuniti 38. Ili jiko la induksheni lifikishe kiasi hicho, litatumia takriban yuniti 45. Kwa mtungi wa kilo 13, hesabu hiyo hiyo hutoa takriban yuniti 98.

Kwa hivyo kuna kanuni fupi: bei ya kujaza mtungi wa kilo 6 igawanywe kwa 45. Jibu ndilo bei ya yuniti ambapo gesi na stima zinakuwa sawa. Gesi ikiwa shilingi 1,200, jibu ni shilingi 26.70. Mwenye kulipa chini ya hapo kwa yuniti atapata nafuu kwa stima. Mwenye kulipa zaidi atapata hasara.

Lakini bei ya yuniti si moja. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wa Kenya Power wamegawanywa katika makundi matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaotumia zaidi ya 30 hadi 100, na wanaopita 100. Kundi huamuliwa na wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Anayepanda kundi hulipia yuniti zake zote kwa bei ya juu, pamoja na zile za taa na televisheni. Kupika kwa stima ndiko kunakoweza kumpandisha.

Mifano ifuatayo inatumia bei za kufundishia: shilingi 20 kwa yuniti katika kundi la kwanza, 25 katika la pili na 30 katika la tatu, kodi zikiwa ndani. Kila nyumba inamaliza mtungi mmoja wa kilo 6 kwa mwezi, kwa shilingi 1,200.

- Nyumba A, Makongeni, inatumia yuniti 25: shilingi 500. Ikihamishia mapishi yote kwenye induksheni, itatumia yuniti 70 katika kundi la pili: shilingi 1,750. Ongezeko ni 1,250. Imepoteza shilingi 50.
- Nyumba B, Kihunguro, inatumia yuniti 40: shilingi 1,000. Itafika 85 na kubaki katika kundi lile lile: shilingi 2,125. Ongezeko ni 1,125. Imeokoa shilingi 75.
- Nyumba C, Ngoingwa, inatumia yuniti 60: shilingi 1,500. Itafika 105 na kuingia kundi la tatu: shilingi 3,150. Ongezeko ni 1,650. Imepoteza shilingi 450.

Nyumba C ina njia nyingine. Ikihamisha theluthi mbili tu ya mapishi, yaani yuniti 30, itafika 90 na kubaki katika kundi la pili. Italipa shilingi 2,250, ongezeko la 750, huku ikiokoa gesi ya shilingi 800. Hasara ya 450 imegeuka kuwa akiba ya 50, na mtungi mmoja utadumu miezi mitatu. Jiko halikubadilika, ila kipimo cha matumizi.

Akiba hizi za kila mwezi ni ndogo, na mnunuzi azipime dhidi ya bei ya jiko na sufuria. Jiko la shilingi 4,500 pamoja na vyombo, likiokoa shilingi 75 kwa mwezi, litajilipa baada ya miezi 60. Nyumba inayopikia makaa hufanya hesabu hiyo kwa gharama ya makaa ya mwezi mzima, na huko faida nyingine haiandikwi kwa shilingi: chumba kisicho na moshi, na usalama dhidi ya hewa yenye sumu ambayo jiko la makaa hutoa katika chumba kilichofungwa.

Wapangaji wenye mita ndogo ya ploti wamuulize keateka bei ya yuniti kabla ya kupiga hesabu hii. Mita kuu ikihudumia milango mingi, matumizi yake huwa zaidi ya yuniti 100, na bei ya kila mlango hufuata kundi la juu.

6. Mapishi ya nyumbani

*Ugali.* Sufuria nyepesi huteleza juu ya kioo wakati wa kusonga. Inafaa sufuria nzito yenye mkono imara, na moto upunguzwe unga ukiingia. Sufuria ikiinuliwa, jiko husimama. Ikirudishwa upesi, huendelea.

*Mukimo.* Usipondewe juu ya jiko. Sufuria ishushwe na kuwekwa mahali imara kwanza, kwani mapigo ya mwiko huweza kupasua kioo.

*Githeri na maharagwe.* Kuloweka usiku kucha hupunguza muda wa kuchemsha. Sufuria ya presha yenye kitako cha sumaku hupunguza zaidi. Nyumba inayopika nafaka ngumu mara nyingi ilinganishe pia jiko la presha la umeme, ambalo lina sufuria yake ndani na kuta zinazozuia joto lisipotee. Kwa vyakula vya muda mrefu, hilo hutumia stima kidogo kuliko sufuria isiyofunikwa vizuri juu ya induksheni.

*Kukaanga.* Mafuta hupata moto upesi kuliko kwenye gesi. Jiko lianze kwa kiwango cha kati, na mpishi asiondoke.

Mtu aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo amuulize daktari wake kabla ya kutumia jiko hili. Ushauri wa kawaida ni kukaa umbali wa sentimita 60 kutoka kwenye jiko linalofanya kazi. Na kwa kuwa stima hupotea, nyumba yenye mtungi wa gesi isiuuze mara moja.

Zoezi la nyumbani

1. Pima sufuria zote kwa sumaku. Ngapi zinafaa?
2. Jumlisha yuniti za tokeni zilizonunuliwa katika miezi mitatu iliyopita, kisha gawanya kwa tatu. Huo ni wastani wa mwezi. Anayelipa bili anaweza kuitazama kwa kupiga *977#.
3. Gawanya fedha zilizolipwa kwa yuniti zilizopatikana. Hiyo ndiyo bei halisi ya yuniti katika nyumba hiyo.
4. Gawanya bei ya mtungi wa kilo 6 kwa 45 na ulinganishe na jibu la swali la 3.
5. Toa wastani wa mwezi kutoka 30 ikiwa uko chini ya 30, au kutoka 100 ikiwa uko kati ya 30 na 100. Jibu ni idadi ya yuniti zinazoweza kutumika kwa kupika bila kupanda kundi.

Mwenye majibu haya matano kwenye karatasi, pamoja na sufuria moja mkononi, yuko tayari kwenda dukani.